Aliyevaa Uso wa Kaka Yangu

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa juu ya ndoo uani, simu mkononi, nasoma ujumbe wa mtu aliyejificha nyuma ya picha ya kuku. Laiti ningebaki palepale kwenye ndoo.

Kwa aliyechelewa kuingia, naitwa Nereida. Shule niliiacha darasa la sita, mama alipougua. Kaka yangu Eleazar alitoka nyumbani kwetu Mezquital kwenda kununua tairi la pikapu. Tairi tulilikuta kando ya barabara. Yeye hatujamkuta hadi leo.

Tangu hapo nimejiunga na akina mama wanaotafuta jangwani watoto wao waliotekwa na kuzikwa kwa siri. Wao wana nondo na mabeleshi. Mimi, kwa kuwa naweza kukaa na simu kutwa nzima bila kuchoka, wakanikabidhi ukurasa wa kikundi.

Ukurasa una wafuasi elfu themanini. Weka picha ya mama analia, uone mioyo inavyomwagika. Mishumaa, mikono ya kuomba, "tuko pamoja nanyi, akina mama." Ikifika asubuhi ya kuchimba, tunajikuta wanawake tisa na mbwa wa mwenzetu Brígida.

Sasa huyo kuku aliandika hivi:

"Binti, nendeni kwenye tanuri bovu la matofali, chini ya mti wenye tairi linaloning'inia. Niliona wakizika, kwa macho yangu, kutoka dirisha la jikoni kwangu. Kaka yako hayupo hapo. Yuko kwingine, napajua. Lakini kwanza nitaangalia kama mnajua kunyamaza. Mkinyamaza, nitakuambia alipo."

Hakutaka kitu kingine. Kunyamaza tu.

Niliwasomea watu wawili. Wa kwanza ni Doña Tencha, yaani Mama Tencha kwa heshima, kiongozi wetu, mama mfupi mwenye pua ambayo jimbo zima halina mfano wake. Wa pili ni Brígida, kwa sababu gari ni lake, na huwezi kumwambia dereva aendeshe bila kujua anakokwenda.

Brígida ana moyo wa dhahabu. Mdomo wake ni debe tupu.

"Wewe, umesikia?" Doña Tencha alimwambia. "Hili likitoka, nakukata ulimi nautia kwenye supu."

"Ulimi wangu mgumu, Doña. Utamaliza hayo meno mawili uliyobaki nayo."

"Brígida!"

"Nimesikia, mama. Nimekuwa kaburi."

Tukacheka. Katika kazi yetu tunacheka sana, msishangae. Mtu asiyecheka haendi mara ya pili.

Tatizo lilikuwa ukubwa wa lile tanuri. Eneo lake ni kama uwanja wa mpira, limejaa vifusi na miti ya miiba. Wanawake tisa tungechimba mpaka tuzeeke.

"Tuwaite watu," nikasema.

"Watu gani?" Doña Tencha akauliza.

"Hawa wa kwenye simu."

Brígida akaguna. "Watakuja watatu. Mmoja atakuwa amepotea njia, mwingine anataka kupiga picha."

Nikaandika hata hivyo. Mahali sikutaja. Niliandika: "Ndugu zetu, mioyo mmetupa ya kutosha, asanteni. Sasa tunaomba mikono. Mwenye beleshi aje nalo Jumamosi asubuhi mbele ya kanisa. Asiye na beleshi aje na maji. Asiye na maji aje yeye mwenyewe."

Jumamosi tulipokata kona ya kanisa, Brígida alikanyaga breki, mbwa akaangukia dashibodi.

Uwanja ulikuwa umejaa watu.

Alikuwepo mwokaji mikate na wanawe wote. Walikuwepo watawa wawili wamefunga viatu kwa kamba. Kinyozi wa sokoni alikuja na mkasi bado uko mfukoni. Wanafunzi, wauza chapati za tortiya, hata yule mwalimu aliyewahi kuniambia nisijisumbue kurudi shule. Kwa mara ya kwanza, ile mioyo ya kwenye simu ilikuwa imeota miguu.

Doña Tencha alishika mkono wangu. Nililia. Sikuona haya.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa maana balaa lote liliingilia kwenye mlango huu.

Sisi tuna desturi yetu. Hakuna anayechimba pamoja nasi akiwa amevaa nguo yake ya nyumbani. Kila mmoja lazima "ambebe" mtu. Tunazo fulana zenye nyuso za waliopotea. Unavalishwa mmoja, unaambiwa jina, unalitamka kwa sauti, na kutwa nzima huyo ni mzigo wako. Ukikutana na mwenzako hamuulizani hali, mnaulizana, "Umembeba nani?" Na Doña Tencha ana msemo: anayevaa uso wa wetu ni wetu.

Niligawa fulana mimi. Ya kaka yangu niliibakiza hadi mwisho. Akaja mwanamume wa makamo, mrefu, nywele amezichana kwa maji. Begani alikuwa na beleshi jipya kabisa, stika ya bei bado imebandikwa kwenye bapa.

"Mimi nitambeba nani?" akauliza.

"Kaka yangu. Eleazar."

"Eleazar," akarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi aliowahi kuula zamani. Akaitazama fulana, kisha akanitazama mimi. "Mmefanana macho."

"Na wewe jina lako nani, kaka?"

"Wilfrido. Mimi ni mfuasi tu, binti. Naufuatilia sana ukurasa wenu. Sana."

Nikamshukuru. Mungu wangu, nilimshukuru. Nikamvalisha kwa mikono yangu, nikainyoosha shingoni mahali ilipojikunja.

Kwenye tanuri kazi ilianza kabla jua halijakasirika. Ule mti ulikuwepo, na tairi lilikuwa linaning'inia. Tunafanya hivi: unapigilia nondo ardhini kwa nyundo, unaichomoa, unanusa ncha. Ardhi isiyo na mtu inanuka vumbi. Nyingine siwezi kuwaandikia.

Askari wawili waliotumwa kutulinda walibaki garini na kiyoyozi chao. Ndiyo maana huwa tunaingia laivu tukichimba. Bunduki hatuna, tuna macho ya watu. Nilishika simu, nikawaonyesha wafuasi umati, mabeleshi, watawa wanavyosukuma toroli. Watazamaji wakapanda kama maziwa yanayochemka.

Katikati ya pilikapilika zile nilimwona Wilfrido. Alikuwa anatembea huku na huku, beleshi begani. Hakuwa ametoa hata chembe ya udongo.

Brígida naye alimwona. "Wewe kaka! Hilo beleshi linaogopa kuchafuka?"

"Nangoja zamu yangu, mama."

"Ngoja, ngoja! Utaolewa nalo hilo!"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka.

Kisha Doña Tencha akachomoa nondo karibu na ule mti, akanusa, akanyoosha mkono juu. Kicheko kikakatika kama kamba.

Wakachimba taratibu, mwisho kwa vidole. Ilipoonekana bizimu ya mkanda, shaba yenye kichwa cha farasi, Brígida alikuwa amesimama nyuma yangu anatafuna mkate. Nikasikia mkate unaanguka.

"Hiyo ni ya Rosendo," akasema.

Rosendo ni mwanawe wa pekee. Alimnunulia ile bizimu siku alipotimiza umri wa kwenda dansini.

Akapiga magoti. Hakupiga kelele hata kidogo. Brígida, ambaye huwezi kumnyamazisha hata misani, aliiweka ile shaba shavuni akatulia. Na mimi, ndugu zangu, sikuzima simu. Hatuzimi tukipata. Tumekubaliana hivyo tangu mwanzo, ili asije mtu kesho akasema hatukupata kitu.

Desturi yetu nyingine ni shukrani. Mama aliyempata wake anashukuru kwa sauti. Anaishukuru ardhi kwa kumtunza, anawashukuru waliochimba. Brígida akainuka, akaangalia kamera yangu. Uso umejaa vumbi, machozi yamechora mifereji miwili.

"Asante, ardhi," akasema. "Asanteni mliokuja. Na wewe," sauti ikamkatika, akaanza tena, "na wewe uliyesimama dirishani jikoni kwako ukaona, ukashindwa kulala mpaka ukasema, Mungu akulipe, dada yangu. Umenirudishia mwanangu."

Nani angemziba mdomo mama yule? Wewe ungemziba?

Lakini kosa kubwa lilikuwa langu. Aliposema "dirishani", mkono wangu uligeuka wenyewe. Nilikuwa nimezoea: mtu akitaja mti, naonyesha mti, akitaja kisima, naonyesha kisima, ili mtazamaji aone. Nikaizungusha simu polepole juu ya jangwa lote, nikapita vifusi, nikapita mfereji mkavu, hadi ikasimama kwenye nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa moja tu. Dirisha la bluu, wazi, pazia linapepea.

Kila aliyekuwa pale aligeuza shingo kuifuata simu yangu.

Mioyo ikaanza kupanda kwenye kioo. Katikati ya mioyo, maneno: "Nyumba gani ile?" Chini yake mwingine: "Naifahamu." Chini yake mwingine, mpumbavu wa watu: "Huyo mama apewe tuzo!"

Nikazima. Nikafuta. Nikafungua ukurasa tena, nikakuta video imeshachukuliwa na kurasa nyingine, inatembea bila mimi.

Doña Tencha alikuwa ananitazama. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Yule mwenye beleshi jipya," akasema kwa sauti ya chini. "Yuko wapi?"

Nikaangaza macho. Nyuso za wetu zote zilikuwa pale, zimemzunguka Brígida, wanasali. Uso wa Eleazar haukuwepo.

Upande wa barabara, pikapu ikawaka.

Tulikimbilia kwa askari. Yule mkubwa akashusha kioo kidogo, kiasi cha kutosha kupitisha sauti.

"Mwanangu, kuna mtu yuko hatarini nyumba ile pale," Doña Tencha akamwambia. "Tupelekeni."

"Mama, amri yetu ni tanuri. Nyumba haimo kwenye amri."

"Na mtu akifa?"

"Akifa mje mtuambie."

Kioo kikapanda.

Tukaondoka kwa miguu, Doña Tencha na mimi. Tulikata mfereji mkavu, yeye na nondo yake mkononi, mimi na simu yangu. Kwa umri wake sijui pumzi aliitoa wapi. Njiani alisema neno moja tu: "Fulana." Nikajua anawaza ninachowaza.

Uani kwenye nyumba ile palikuwa na kuku wanaparua. Mmoja, mwekundu, shingo haina manyoya. Nilimtambua mara moja. Wiki nzima nilikuwa nimeitazama picha yake.

Kizingitini alikaa bibi mmoja anachambua maharage kwenye beseni. Macho yake meupe kama maziwa. Hakuyainua tulipofika.

"Nyie ndio wenye makelele ya huko tanurini?" akauliza.

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mmesahau nini tena? Idalia ameshaondoka."

"Idalia ni nani, bibi?"

"Mkwe wangu. Mke wa marehemu mwanangu. Si mmemtumia mtu amchukue? Au siku hizi kichwa kimoja hakijui kichwa kingine kinafanya nini?"

Doña Tencha akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono. "Mama, mtu gani? Tueleze polepole."

"Mtu wenu. Amekuja na gari, kapiga hodi kwa adabu. Idalia hakutaka kufungua, mwoga yule, hapati usingizi tangu wale watu walipoanza kuja tanurini. Akamuuliza kupitia dirishani, 'Umembeba nani?' Mambo yenu hayo, anayaona kwenye simu."

"Akajibu nini?"

"Akajibu, 'Nimembeba Eleazar.'"

Sikuhisi jua. Sikuhisi kitu.

"Basi mtoto wa watu akafurahi!" bibi akaendelea, vidole vinachambua. "Akaniambia, 'Mama, hawa kweli wanajua kunyamaza. Badala ya kuja kundi zima wamemtuma mtu mmoja, na amevaa uso wa yule kijana. Ngoja nikawaonyeshe alipo, roho yangu itue.' Akavua aproni, akaenda."

Unga wa tortiya ulikuwa mezani, umefunikwa kwa kitambaa. Niliubonyeza kwa kidole. Ulikuwa laini bado.

"Bibi, yule mtu alikuwa na nini mkononi?"

"Naona, mimi? Kilikuwa kitu cha chuma. Alikiegemeza hapo mlangoni, kikalia." Vidole vikasimama. Uso wake ukanigeukia taratibu. "Kwa nini unaniuliza hivyo, binti? Si mtu wenu?"

Doña Tencha akauachia mkono wake.

Bibi akapiga beseni teke, maharage yakamwagika uani, kuku wakakimbilia. "Mimi ninawauliza! Si mtu wenu?"

Simu ikatetemeka mkononi mwangu.

Kuku. Yule kuku wa picha.

Nilisoma kwa sauti, maana bibi haoni na Doña Tencha hakuwa na miwani: "Nereida, njoo peke yako. Usiwashe kamera. Idalia anakusalimu."

Tangu siku ya kwanza, kuku aliniita "binti". Hakuwahi kuniita kwa jina.

Chini ya maneno kulikuwa na picha. Fulana ya kaka yangu imekunjwa vizuri juu ya jiwe, uso umetazama juu. Pembeni yake limesimamishwa beleshi. Ile stika ya bei ilikuwa bado ipo, lakini nusu yake haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa na udongo mbichi.

Hatimaye alikuwa amechimba. Sikujua kama alikuwa anamtoa mtu au anamtengenezea mtu nafasi.

Chini ya picha, ramani. Kialama chekundu, ng'ambo ya kilima cha kokoto.

"Washa," Doña Tencha akasema. "Ingia laivu sasa hivi. Weka ramani hadharani, waite wote wa tanurini, waite mji mzima. Asubuhi ulisema neno wakaja. Watakuja."

"Ukiwasha unamuua mkwe wangu!" bibi akapiga kelele. Alikuwa amenishika sketi. "Mdomo wenu ndio uliomfikisha huko. Nyamazeni hata mara moja! Nenda kama alivyosema."

"Akienda peke yake watakuwa wawili, mama."

"Na asipokwenda?"

"Kimya ndicho kilichommeza kaka yake! Mji mzima uliona gari lililomchukua, mji mzima ukanyamaza!"

"Kelele ndizo zilizommeza Idalia!"

Walikuwa wanasema kweli wote wawili. Hilo ndilo lililonimaliza.

Nikaitazama ile ramani. Mahali alipo Eleazar, nilipopatafuta kwa nondo, kwa pua, kwa maombi, labda ndipo pale. Ningekwenda kimya, labda ningeonyeshwa. Labda ningelazwa kando yake.

Nikakumbuka uwanja wa kanisa asubuhi ile. Watawa na kamba zao, mwokaji na wanawe. Watu walikuwa wametembea. Sikutaka mioyo ya mtu. Nilitaka ile miguu.

Bibi akaachia sketi yangu, kana kwamba amesikia nilichoamua. Akaanza kusali kwa sauti ndogo.

Nikabonyeza.

Kioo kikawaka, uso wangu ukatokea humo, mweupe kwa vumbi. Nikafungua mdomo niwaambie watu pa kwenda.

Kabla sijatoa neno, mtazamaji wa kwanza akaingia. Peke yake. Picha yake ni kuku mwekundu, shingo haina manyoya.

Akaandika maneno mawili:

"Zamu yangu."